Sehemu za kujitolea kwa wanafunzi wa sekondari: ninazozikubali, na zile ambazo sizitii sahihi

Nianze na kipimo changu, kwa faida ya watakaosoma aya moja na kuondoka. Mwanafunzi akiniletea jina la mahali anapotaka kwenda kujitolea, napiga simu na kuuliza swali moja: asipotokea Jumamosi, kazi gani italala? Wakijibu, "Hamna tabu, Mwalimu, aje siku yoyote atakayopata nafasi," najua pale hakuna kazi, kuna muhuri tu. Wakianza kuhangaika, "Sasa nani atakaa na watoto wa saa nne?" hapo ndipo nashika kalamu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na fomu za huduma kwa jamii hupita mezani kwangu kabla ya kwenda kwa mkuu wa shule. Sehemu nyingi ninazozisema hapa nimefika, na za mtandaoni nimezifanya kwa mkono wangu, kwa sababu siwezi kumpa mtoto wa mtu alama kwa kazi nisiyoijua.

Masharti yanatofautiana sana, kwa hiyo soma kwanza ya shule yako. Ontario, Kanada, mwanafunzi hahitimu bila saa 40 za kujitolea. Maryland, Marekani, ni saa 75. Kenya imelifanya somo la huduma kwa jamii kuwa la lazima katika sekondari ya juu chini ya mtaala mpya. Diploma ya IB, ile ya mtaala wa kimataifa wa sekondari, haidai tena idadi ya saa. Inataka angalau miezi 18 ya shughuli, na mwanafunzi aeleze alichovuna. Utaratibu ninaoupenda kuliko yote ni wa Tuzo ya Kimataifa ya Duke of Edinburgh, ya vijana wa miaka 14 hadi 24: wastani wa saa moja kila wiki, miezi 3 kwa shaba, 6 kwa fedha, 12 kwa dhahabu. Huwezi kuilipua wiki ya mwisho. Mnaotafuta saa 30 kati ya Ijumaa na Jumatatu, makala haya hayatawasaidia.

Sasa sehemu zenyewe.

Kusoma na watoto wadogo, kwenye maktaba au shule ya msingi, napa tisa kwa kumi. Hakuna kazi nyingine ambayo kijana wa miaka kumi na sita anaimudu vizuri kuliko watu wazima, lakini hii anaimudu. Mtoto wa darasa la pili akikosea mbele ya mwalimu anaona haya. Akikosea mbele ya kaka au dada mkubwa anacheka na kurudia. Mahali pazuri utapatambua kwa mambo mawili. Kwanza, kijana anapewa mtoto yuleyule kila wiki, hazungushwi kama mgeni. Pili, anafundishwa jinsi ya kusikiliza kabla hajaachiwa kitabu. Mbinu ya kusoma wawili wawili ni rahisi: mnaanza kusoma pamoja kwa sauti, mtoto akijiamini anakupa ishara unyamaze, anaendelea peke yake. Akikwama unasubiri sekunde nne au tano, kisha unalitamka neno, analirudia, mnaendelea. Basi. Hakuna kukemea, hakuna kumtaka aunganishe silabi mpaka atokwe jasho. Vijana wangu wanaona hizo sekunde tano ndizo ngumu kuliko kitu chochote, na hata mimi darasani zinanishinda.

Alama moja nimeikata kwa sababu ya usalama. Mahali pasipo na mtu mzima chumbani, au ambapo mlango unafungwa, siwapeleki, hata kama msimamizi ni mtu ninayemheshimu. Hilo ni kwa ajili ya mtoto mdogo na kwa ajili ya mwanafunzi wangu pia.

Vituo vya kulea watoto yatima najua vitanigombanisha na wazazi. Sitii sahihi. Nimeshuhudia ziara ya namna hii: watoto wamepangwa mstari, wanaimba, wanafunzi wanagawa pipi, picha zinapigwa, na kabla ya chakula cha mchana basi limeondoka. Mtoto mmoja alikuwa amemshika binti wetu sketi na kumuuliza kama atakuja kesho. Binti alijibu atakuja, na hakuna aliyekuwa amepanga kurudi. Watoto wengi wa vituo hivi duniani wana mzazi angalau mmoja aliye hai. Kinachowafikisha pale mara nyingi ni umaskini. Wageni na misaada yao vikiwa biashara, kunatokea watu wa kuwatafuta watoto ili kituo kijae. Australia ilipotunga sheria yake ya utumwa wa kisasa mwaka 2018, jambo hili lilitambuliwa waziwazi, na Umoja wa Mataifa uliligusa katika azimio lake la haki za mtoto mwaka uliofuata. Mzazi anayetaka mwanawe asaidie watoto wenye shida ampeleke akasome nao huko juu nilikotaja, pale ambapo jioni wanarudi kwao.

Usafi wa fukwe, mito na mitaa unategemea jambo moja: je, mnahesabu? Kuokota taka asubuhi moja, kupiga picha na viroba na kurudi nyumbani, napa nne. Wiki ijayo taka zipo palepale. Lakini Ocean Conservancy, ambao usafi wao wa kimataifa wa fukwe ulianza Texas mwaka 1986, tangu mwanzo waliwapa watu kadi za kuandika kila kitu kilichookotwa: vifuniko vingapi, mirija mingapi, chupa ngapi. Kwa sababu ya kadi hizo tunajua kwamba vipisi vya sigara viliongoza orodha miaka nenda miaka rudi, mpaka hesabu ya mwaka 2019 vilipopitwa na vifungashio vya vyakula. Mwanafunzi mwenye kadi anaweza kwenda kwa diwani na takwimu, badala ya kwenda na huruma. Hiyo napa saba na nusu. Glavu nene ziwepo, na sindano haiguswi na mwanafunzi hata kama ana glavu. Anamwita mtu mzima, anasimama pembeni.

Kupanda miti sina mengi. Uliza nani atamwagilia mwezi wa tatu baada ya kupanda. Kama jibu ni wewe, nenda.

Wazee na simu zao: hii haimo kwenye orodha za shule nyingi na ninashangaa kwa nini. Kijana anakaa na mzee saa moja, anamwonyesha jinsi ya kukuza maandishi, kuhifadhi namba ya mjukuu, kumtambua tapeli anayedai "umeshinda." Nina masharti mawili. Simu isitoke mkononi mwa mzee. Kijana aelekeze kwa mdomo na kwa kidole, kwa maana mkono wa kijana una haraka na mzee hajifunzi kwa kutazama haraka ya mwingine. Na namba ya siri kijana asiijue, hata mzee akimwambia, "Chukua tu mjukuu wangu, andika wewe." Ageuke atazame ukutani. Napa nane, na ningepa tisa kama wasimamizi wangekuwa wanaandika kilichofundishwa, ili wiki ijayo kijana mwingine asianze tena kwenye kuwasha na kuzima.

Nije kwenye za mtandaoni, ambazo wanafunzi wanazipenda kwa sababu unaweza kuzifanya kitandani. Kwa kipimo changu cha simu zote zingeanguka, maana hakuna anayekungoja Jumamosi. Kwa hizi nina swali jingine: kuna mtu atakayeiangalia kazi yako na kukwambia ni mbovu?

Missing Maps inajibu ndiyo. Mradi huu ulianzishwa mwaka 2014 na Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza, Madaktari Wasio na Mipaka, pamoja na HOT, kundi la wachora ramani lililosajiliwa mwaka 2010 baada ya tetemeko la Haiti. Unafungua picha ya setilaiti ya mahali ambapo kwenye ramani ni patupu, unachukua mraba mmoja, unachora kila nyumba na kila njia unayoiona. Nyumba ya pembe nne unaizungushia mstari na kubonyeza Q, pembe zinanyooka. Ya msonge unabonyeza O, inakuwa duara. Ukimaliza, mchoraji mwenye uzoefu anaupitia mraba wako. Umechora kivuli ukidhani ni paa? Mraba unarudi kuwa haujakamilika, na maelezo juu yake.

Hilo ndilo lililonifanya niupende. Kwenye kujitolea watoto wetu husifiwa kwa kila kitu, hata kwa kufika tu. Hapa kijana wangu mmoja, hodari wa hesabu, alirudishiwa mraba akanijia amenuna: "Mwalimu, si ni bure nafanya?" Nikamwambia nesi wa chanjo atakayetumia ramani hiyo kujua kijiji kina nyumba ngapi hatajali kama ilichorwa bure. Alirudi kuchora. Ramani hizi zinatumika kweli: Tanzania, mradi wa Crowd2Map umechora vijiji ambavyo havikuwemo kwenye ramani, ili wanaowaokoa wasichana wanaokimbia ukeketaji wajue njia ya kuwafikia.

Kasoro ni kwamba bila kompyuta na kipanya utateseka, na intaneti ikiwa ya kusuasua picha hazifunguki. Mwenye simu peke yake atumie MapSwipe, ambayo kazi yake ni kugusa sehemu zenye majengo ili wachoraji wajue pa kuanzia. Inachosha baada ya muda mfupi, lakini inasaidia. Kuhusu saa, ukurasa wako kwenye Tasking Manager, tovuti unakochukulia miraba ya kuchora, unaonyesha muda uliotumia kuchora, na mimi huukubali ukiambatana na ukurasa mmoja wa maelezo. Nane na nusu.

Zooniverse, tovuti ambako watu wa kawaida wanawasaidia wanasayansi kuchambua picha na data, ni pana zaidi na ina raha yake. Ilitokana na Galaxy Zoo ya mwaka 2007, pale watu wa kawaida walipoombwa kuzitenga galaksi kwa maumbo yake. Mwaka huohuo mwalimu mwenzangu wa Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona doa la ajabu kwenye picha mojawapo, akauliza ni nini, na leo wanaastronomia wanaliita Hanny's Voorwerp. Huwa natamba na kisa hicho kwa wanafunzi kana kwamba ni dada yangu. Kuna pia Snapshot Serengeti, yenye picha za kamera 225 zilizotegwa porini: unamtaja mnyama, unahesabu wako wangapi, unasema wanafanya nini. Picha moja hupitiwa na watu wengi, kwa hiyo ukichanganya swala tomi na swala granti kura za wenzako zitakufunika. Watafiti walipolinganisha majibu ya umma na ya wataalamu, yalikubaliana kwa asilimia 96.6 kwenye kumtambua mnyama.

Uzuri huo huo ndio unaonifanya nipunguze alama. Kosa lako linamezwa na hakuna anayekwambia, na nimeona vijana wakibonyeza "nyumbu, nyumbu, nyumbu" huku wanaangalia mpira. Cheti cha saa kinapatikana kwenye akaunti yako. Napa sita, saba ukiniletea daftari la maswali uliyojiuliza.

Common Voice ya Mozilla, iliyoanza mwaka 2017, ni ya kusoma sentensi kwa sauti na kusikiliza za wengine ili mashine zijifunze lugha. Kiswahili kimo. Sentensi inapita ikikubaliwa na wasikilizaji wawili, na sauti zote zinatolewa bure kwa yeyote atakayezitaka, kwa hiyo mzazi aelezwe hilo kabla hajatoa ridhaa. Kuhesabu saa ni taabu, kwani kila sentensi ni sekunde chache. Hata hivyo ningependa mashine za kesho zisikie Kiswahili cha vijana wa sasa, siyo cha mtangazaji peke yake. Kama nyongeza, sawa. Kama kazi yako yote ya mwaka, hapana.

Be My Eyes, iliyoanzia Denmark, inakuunganisha kwa video na mtu asiyeona ambaye anataka umsomee lebo au umwambie rangi ya shati. Ni kitu kizuri sana na haifai kabisa kwa fomu yako, kwa sababu waliojitolea ni wengi mno kuliko wanaohitaji msaada. Simu inaweza kukaa kimya wiki kwa wiki. Soma kwanza masharti ya umri, jiandikishe kwa moyo wako, usinitajie saa.

Kuchangia damu ninaulizwa kila mwaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miaka 18 hadi 65, ingawa baadhi ya nchi huruhusu 16 au 17 kwa ridhaa ya mzazi. Wengi wenu hamjafika. Lakini meza ya kuandikisha majina inahitaji watu, na hata mtu wa kukaa na aliyetoka kuchangia asisimame ghafla akaanguka. Hiyo ni kazi, nami naitia sahihi.

Kwenye makazi ya mbwa na paka, uliza kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya kuuliza kuhusu watoto wa paka.

Mwisho, karatasi. Kabla hujaanza, pata jina la msimamizi, cheo chake na kazi utakayoifanya, viwe vimeandikwa. "Kusaidia" siikubali, andika ulisaidia nini. Saa ziandikwe tarehe kwa tarehe, zisijumlishwe kwa kukisia mwisho wa muhula, na sahihi ichukuliwe siku hiyohiyo, kwa sababu wasimamizi huhama, na atakayekuja nyuma yake hakukuona ukifanya kazi.