Tairi za trela ndogo: ipi ununue, na kwanini usome ile ya zamani kwanza

Wadau wenye trela za boti na dagaa hapa Mwanza, naandika hii kwasababu pale mwaloni Kirumba naona watu wanafunga tairi mpya, miezi michache zimeliwa upande mmoja, lawama zote kwa muuza tairi. Yalinikuta na mimi. Nilinunua mbili mpya, nikapeleka dagaa Shinyanga safari kama nne hivi na magunia nilizidisha kweli, siku nachuchumaa napitisha kiganja kwenye kashata (yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara) za upande wa ndani nakuta laini kama sahani, wakati upande wa nje vile vinywele vya kiwandani bado vipo! Ekseli ilishapinda kwa uzito, tairi zimeinamia ndani kwa juu.

Kwahiyo soma hiyo unayoitoa. Ikiliwa pembeni zote mbili katikati ikabaki, upepo ulikuwa mdogo. Katikati peke yake, ulijaza kupita kiasi. Upande mmoja ni ekseli, chukua futi pima toka tairi hii hadi ile kwa mbele, halafu kwa nyuma, vipimo visipolingana usinunue chochote kabla fundi hajainyoosha au kuibadilisha. Ikiwa ni mabonde mabonde, piga jeki, shika tairi juu na chini utikise, ikicheza beringi zimekwisha. Trela za boti ndo ugonjwa wao huu, habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi, imetoka safari ina moto unaizamisha ziwani hapohapo, inapoa ghafla inanyonya maji kwenye sili (ile raba ya kuziba) na grisi inaharibika. Siku hizi nasubiri ipoe kwanza, hata abiria wa boti wakinung'unika.

Haya, sasa kununua. Namba moja kwangu ni tairi mpya za trela zenyewe, zina herufi ST kabla ya saizi. Ubavu wake mgumu, hauyumbi na mzigo, jaza upepo mpaka kiwango cha mwisho kilichoandikwa ubavuni, asubuhi tairi ikiwa ya baridi. Usije ukazifunga kwenye pikapu tu, hazikutengenezwa kwa hiyo kazi.

Namba mbili ni mpya za pikapu, zenye LT au C, na wengi nadhani mtaangukia hapa. Angalia namba ya uzito ubavuni, 104 ni kilo 900 kwa tairi moja, 112 ni kilo 1,120. Trela ya ekseli moja ikifika kilo 1,800 na mzigo wake, 104 mbili zimefika mwisho kabisa hazina akiba hata kidogo, mimi ningechukua 112 bila kufikiria.

Namba tatu mtumba. Tafuta tarakimu nne ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Ikishapita miaka sita iache hata kama kashata nzima, trela inakaa juani wiki nzima bila kutembea na mpira unachanika nyufa ndogondogo, ikunje kwa dole gumba utaziona.

Za mwisho kabisa ni za gari dogo la kutembelea. Bei inavutia na saizi inaingia kwenye rimu, lakini ubavu ni laini, ukipakia unabonyea, tairi inapata moto na kupasuka, na ikipasuka kwenye trela yenye boti juu dereva unaweza kushtuka trela imeshaanza kukuvuta wewe pembeni.