Mchanjaji wa kuku anayepita nyumbani, Uyui Tabora

Jamani wafugaji wenzangu wa kienyeji, hii huduma naisifia kwa moyo wote. Mwaka jana kideri, ule ugonjwa wa kuku wa Newcastle, kilinisafisha banda, kuku walianza kuzubaa, kinyesi cha kijani, shingo zinapinda, ndani ya wiki nikabaki na mitetea miwili tu, na kideri hakina dawa hata ukimwaga hela.

Sasa kuna dada anapita na baiskeli alfajiri kuku hawajafunguliwa, anachukua sh 100 kwa kuku, chanjo ni ile ya kideri ya matone inayoitwa I-2, tone moja kwenye jicho moja basi, anamshika kuku kiubavu anasubiri mpaka apepese ndo anamwachia, hata vifaranga anawapa tone hilo hilo. Nilimuonyesha jogoo mmoja kazubaa akakataa kumchanja, akasema tunachanja wazima tu, hapo ndo nikamwamini kabisa. Anarudi kila baada ya miezi mitatu.

Kasoro, mara ya pili kachelewa wiki mbili hata simu hakupiga, nilikosa usingizi kwa kweli maana jua kali la mwezi wa tisa ndo kideri kinapenda.

Kanifundisha pia kufunika vifaranga kwa tenga, mwewe wamekoma. Leo nina kuku 31. Ila dada atupe na ratiba basi, hata ya meseji, maana majirani nao wanamsubiri.