Safari ya misheni Nairobi kwa watoto wa mitaani: mpangilio safi, programu ndio shida

Wengi mmeniuliza kwa inboksi kama ile safari ya misheni tuliyoenda na kanisa letu la huku Texas inafaa hiyo pesa. Nawapa nyota tatu kwa tano, mbili za mpangilio na moja ya dada mmoja wa Nairobi nitakayemtaja huko chini. Jina la wakala siweki, walioenda wanajua.

Mpangilio hawana mchezo kabisa. Ni dola elfu mbili na kitu bila nauli ya ndege, humo kuna gesti safi ya kanisa, chakula, na basi dogo lenye dereva anayejua panya ruti zote Thika Road ikifunga. Walitusaidia kujaza eTA mapema (kibali cha kuingia Kenya unachoomba mtandaoni, hii ndio ilichukua nafasi ya viza Januari 2024, kwa hivyo hata wewe mwenye pasi ya Marekani uliyezaliwa Nyeri jaza). Chapati laini, chai ya maziwa saa zote, wazungu wakapenda ndengu kuliko nyama haha.

Sasa programu. Imeandikwa watoto wa mitaani lakini karibu muda wote tulikuwa kwa kituo cha watoto nje ya jiji, tukapewa brashi na rangi ya bluu tupake ukuta wa bweni. Pale karibu na dirisha rangi ilikuwa imebanduka, chini ya bluu kuna kijani, chini ya kijani kuna krimu, yaani kila timu inayokuja inapaka juu ya ile ya wenzao. Na fundi wa hapo amekaa juu ya ndoo anatuangalia tu, akaniambia pole pole, "Dada, mkienda ndio narudia hizo kona." Si angepewa yeye hiyo kazi na alipwe siku zake?

Watoto wenyewe wamezoea wageni mpaka inauma, kabla sijashuka kwa basi kamoja kameshanishika mkono kananiita auntie, na simu ikitolewa tu wanajipanga bila kuambiwa. Halafu si yatima vile tulivyoambiwa, mpishi alinipigia stori wengi wana mama ama nyanya, shida ni karo na chakula. Na serikali ya Kenya tangu 2022 ina mkakati wa miaka kumi wa kurudisha watoto kwa familia zao na kupunguza kutegemea vituo, hilo wakala hakuligusia hata kidogo. Mama mmoja wa timu alikuwa ashachagua mtoto wa kuasili moyoni, ikabidi nimwambie Kenya ilisimamisha wageni kuasili watoto Novemba 2014. Alilia usiku mzima, na hiyo ni kazi ya wakala kueleza watu kabla hawajalipa.

Asubuhi moja tu ndio tulienda mtaani kwenyewe, na hiyo ndio safari. Mfanyakazi wa jamii, dada wa hapo hapo Nairobi, alituambia hakuna kamera, hakuna kugawa pesa, na vueni hizo tisheti za kufanana. Tukatembea naye kutoka raundiabauti ya Globe kushuka Kirinyaga Road, vijana wako na magunia ya plastiki na chuma za kuuza kwa kilo, chupa ya gamu ya kunusa imefichwa kwa mkono wa sweta, wengine wanaiuma kwa meno na bado wanaongea. Anawajua kwa majina. Kijana mmoja, dada alimuuliza kidonda cha mguu kimefika wapi, na akamwambia nyanyake amepiga simu tena. Kijana mwingine akamgeukia mchungaji wetu, "Pasi, unaniombea ama unaninunulia chai?" Tukacheka, dada akaruhusu chai na mandazi, maombi yakafuata.

Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 Kenya nzima, Nairobi peke yake 15,337, na huyu dada anapambana na wake kwa miguu. Alinieleza kurudisha mtoto nyumbani si kumlipia matatu tu, lazima ufike huko kwao, uone chifu, uone mwalimu, ujue alitoka kwa sababu ya njaa ama baba wa kambo, kisha uendelee kupiga simu miezi, la sivyo mwezi haujaisha yuko Globe tena anakimbizana na kanjo, wale askari wa jiji. Nikamuuliza anakwama wapi zaidi. Akasema nauli na kredo ya simu. Nauli na kredo! Na sisi tumebeba masanduku mawili ya baluni.

Ukiamua kwenda, kabla ya kulipa waulize kwa maandishi watu kama huyo dada wanapata ngapi kwa hiyo pesa yako, na omba siku za kupaka rangi zipunguzwe uende naye. Sisi watatu wa timu tulibaki tukimchangia huyo dada kila mwezi kupitia ofisi yao kina dada ya Nairobi, wakala hayuko katikati. Malipo ya kwanza hayarudishwi ukighairi, na tisheti ya timu ni dola ishirini juu, hiyo unaweza kukataa.