Rafu ya Wagiriki wa Kale katika Duka la Vitabu vya Mitumba Mjini Mtwara

Duka hili dogo la vitabu vilivyotumika, lililo karibu na soko kuu la Mtwara, linastahili kutembelewa hasa kwa ajili ya rafu moja iliyotengewa Wagiriki wa kale. Nimefurahishwa na busara ya mwenye duka, ambaye hakuridhika na hadithi za miungu peke yake: ameweka pia tamthilia za Sophocles, jiometri ya Euclid, iliyoandikwa Alexandria yapata mwaka 300 kabla ya Kristo na ambayo hadi leo ni msingi wa yale wanayofundishwa wanafunzi wetu wa sekondari, pamoja na kitabu kinachoeleza jinsi Hunayn ibn Ishaq, msomi wa Baghdad wa karne ya 9, alivyotafsiri maandishi ya tiba ya Galen, tabibu wa Kigiriki wa kale, hata elimu hiyo ikaenea katika ulimwengu wa Kiislamu.

Kilichonigusa zaidi ni Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unaoiita pwani yetu Azania na kutaja biashara ya pembe za ndovu na magamba ya kasa. Mkazi yeyote wa Mikindani au Kilwa angefaa kuusoma.

Bei ni nafuu, na maswali hujibiwa kwa subira. Hata hivyo, karibu vitabu vyote ni vya Kiingereza, jambo linalowanyima wasomaji wengi nafasi ya kuvisoma, na unyevu umeanza kuharibu majalada. Rafu hiyo isogezwe mbali na ukuta mapema.