Seti ya silinda na pistoni ya kwadi ya 110cc: inunue, ila pima ringi na ukague kichwa

Kwadi (pikipiki za magurudumu manne) ndogo za Kichina za 110cc zina injini ya silinda moja iliyolala, yenye umbo lile lile la Honda Cub ya zamani. Ikianza kula oili, watu wa Malindi hununua seti kamili: silinda, pistoni, pini na klipu zake, ringi (pete zinazozunguka pistoni) na gasketi. Seti hizi hazina jina la kutegemewa juu ya boksi. Husemwa vibaya kuliko zinavyostahili, kwa sababu injini huunganishwa, kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) inakuwa hafifu, na lawama zote zinaangukia boksi.

Silinda yenyewe ni nzuri. Ndani ina mistari ya kupishana iliyo wazi, ambayo hushika oili na kusaidia ringi kukaa. Usiipige msasa ukidhani unaisafisha. Ioshe kwa maji moto na sabuni, kisha pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya kijivu, osha tena. Hayo ni mabaki ya kusagia, na petroli pekee haiyaondoi. Kitambaa kikitoka cheupe, ikaushe na uipake oili hapo hapo, maana hewa ya chumvi ya pwani huleta kutu upesi.

Kipimo cha kwanza ni dukani, kabla hujalipa. Injini ya 110 ina kipenyo cha silinda cha 52.4mm na mwendo wa pistoni wa 49.5mm. Ipo ya 125 yenye kipenyo hicho hicho cha 52.4mm lakini mwendo wa 55.5mm, na hapo ndipo wauzaji huchanganya. Ringi zinaingia, pistoni inaingia, boliti zinakubali, ila silinda ikiwa ndefu kuliko inavyotakiwa pistoni huishia chini na haibani hewa vya kutosha. Nenda na silinda ya zamani, uzisimamishe mbili sambamba juu ya kaunta na ulinganishe urefu. Ukishafunga, kabla ya kuweka kichwa cha silinda chenye valvu, zungusha krenki mpaka pistoni ifike juu kabisa. Uso wake uwe karibu sawa na ukingo wa silinda. Ukibaki chini kwa milimita mbili au tatu, hiyo si silinda yako, irudishe.

Ringi ndizo zinazotaka macho zaidi. Ingiza ringi moja peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kama sentimita moja na nusu kutoka juu, kisha pima mwanya wa ncha kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mianya). Kwa kipenyo hiki, 0.15 hadi 0.30mm ni sawa. Ukipata 0.5mm au zaidi, ringi hiyo itavujisha tangu siku ya kwanza. Chini ya 0.1mm ncha zitagusana injini ikipata moto na kuchuna silinda, kwa hiyo zipige tupa nyembamba kidogo kidogo huku ukipima. Ringi inayong'aa hukaa juu, nyeusi ya pili, na ya oili yenye vipande vitatu chini. Maandishi madogo karibu na ncha yatazame juu. Tawanya mianya kuzunguka pistoni, isipangane. Pistoni nayo ina alama ya IN, na upande huo uelekee kwenye kabureta.

Gasketi ndiyo sehemu dhaifu ya seti hii. Ya chini inatumika, lakini usiweke mbili, wala usirundike gundi. Chemba ya injini hii, yaani nafasi inayobaki juu ya pistoni ikiwa juu kabisa, ni takriban 13cc tu. Ukiinua silinda kwa nusu milimita umeongeza zaidi ya 1cc, na kompresheni inashuka. Gasketi ya kichwa iliyomo kwenye boksi tunashauri uiache, ununue nyingine iliyo imara. Nati za kichwa zikazwe kwa kupishana, hatua tatu, mpaka zilingane.

Sasa umefunga, unapiga stata na kompresheni hakuna. Anza na geji yenyewe ya kupimia kompresheni. Nyingi zinazouzwa kwa ajili ya magari zina bomba refu, na kivalvu cha kuzuia hewa kiko upande wa uso wenye mshale. Hewa ya ndani ya bomba hujumlishwa kwenye chemba ya 13cc, kisha geji inakuambia uongo. Tafuta yenye kivalvu kwenye ncha inayoingia injini, na uzi wa 10mm wa plagi hizi ndogo. Betri iwe na chaji, akselereta ibonyezwe hadi mwisho, upige stata mpaka mshale usimame. Injini nzima ya aina hii husoma kati ya psi 120 na 160. Iliyofungwa leo ikisoma 100 haina kosa. Ringi zikikaa itapanda. Ikisoma 60, kuna kitu.

Watu humwaga kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena: ikipanda sana, ringi zinavuja, isipopanda, tazama valvu au gasketi. Kipimo hiki ni kizuri, ila silinda hii imelala. Oili hukaa upande wa chini na sehemu ya juu ya ringi inabaki kavu. Zungusha injini kidogo kwanza isambae, na hata hivyo usikitegemee peke yake. Bora upulize hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefungwa, nati ya magneto imeshikwa kwa spana ili krenki isizunguke, kisha usikilize. Mlio kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea. Kwenye kabureta ni ya kuingizia. Kwenye tundu la kujazia oili ni ringi.

Mara nyingi mlio hutoka kwenye valvu, na kichwa hakikuwamo kwenye boksi. Ukisaga valvu, hukaa ndani zaidi, shina linapanda, na mwanya kwenye roka (mkono unaosukuma valvu) unapotea, kwa hiyo valvu inabaki wazi kidogo. Rekebisha injini ikiwa baridi, alama ya T kwenye magneto ikiwa mahali pake na pistoni iko juu kwenye mbano: 0.05mm kwa zote mbili. Kabla ya kurudisha kichwa, mimina petroli kwenye njia ya kuingizia, kisha ya kutolea, na uangalie upande wa chemba. Ikitoka tone kuzunguka valvu, saga tena.

Cheni ya taimingi ikiruka jino moja nayo hula kompresheni, kwa kuwa valvu ya kuingizia inachelewa kufunga na hewa inarudi ilikotoka. T ikiwa sawa, alama ya gia ya kemu (shafti inayofungua valvu) iangaliane na mkato wa kichwa. Zungusha krenki mara mbili kwa mkono kisha uangalie tena, maana tenshona (kikaza cheni) ikikaza cheni huweza kusogeza alama.

Kwa mwenye 110 halisi, seti hii inastahili pesa yake, ukiongeza gasketi nzuri ya kichwa na sponji mpya ya kuchuja hewa. Sponji ipakwe oili ya filta kabla ya kupanda vilima vya mchanga vya Mambrui, karibu na Malindi; ikiwa kavu mchanga mwembamba unapita, na ringi mpya hazidumu. Kwa kwadi za 250cc na zaidi usinunue kwa kufuata maelezo haya: baadhi zina kifaa kwenye kemu kinachopunguza kompresheni wakati wa kuwasha, na geji itasoma chini hata injini ikiwa nzima.