Kipima upepo cha ufukweni: nunua kipi, uache kipi

Kipima upepo cha kwanza nilichofunga Paje kilikuwa kizima, ila kilidanganya. Nilikiweka nyuma ya banda la makuti, upande wa nchi kavu, kwa sababu soketi ya umeme ilikuwa huko. Siku moja ya Julai, kusi imekolea, skrini inasema noti 9, yaani karibu kilomita 17 kwa saa, na huku vijana baharini wamefunga kaiti (tiara za kuwavuta majini) za mita 7 za mraba, zile za siku ambazo upepo unabeba mtu. Mwenye banda akaniuliza, "Fundi, hii mashine yako inapima upepo wa wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa napima hewa iliyokuwa inajizungusha nyuma ya paa.

Kwa hiyo weka mlingoti kwenye bajeti kabla ya kifaa chenyewe. Kanuni ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi, na kila kizuizi kiwe mbali angalau mara kumi ya urefu wake. Mnazi wa mita 20 unadai mita 200. Ufukwe wetu gani utakupa nafasi hiyo? Sisi tunaishia na bomba zima la chuma, mita 6 hivi, mbele ya banda, kamba tatu, na bawaba chini ili liweze kulazwa. Usiiache hiyo bawaba. Chumvi itakupandisha juu mara nyingi kuliko unavyodhani, na mtu wa kukushikia ngazi hapatikani kila siku.

Sasa vifaa vyenyewe, kuanzia ninachokipenda zaidi. Mpangilio huu ni wa pwani na wa kifaa kinachokaa nje mwaka mzima. Mkulima wa Njombe angepanga vingine.

Namba moja: vikombe na mshale vinavyounganishwa kwa waya, mshale ukiwa na potenshiometa, yaani rezista inayobadilika ukiizungusha. Mfano ninaoufahamu zaidi ni Davis 6410. Vikombe vitatu vinazungusha sumaku, sumaku inafunga swichi, na kila mzunguko ni pigo moja. Mshale unazungusha potenshiometa ya kilo-omu 20, kwa hiyo mwelekeo unausoma kwa digrii. Kinakuja na waya wa mita 12, unaotosha kushuka mlingoti na kuingia ndani. Nakipa nafasi ya kwanza kwa sababu kikiharibika unaona kwa macho: kikombe kimepasuka, beringi inakwaruza, mshale umekaza. Vikombe vinauzwa peke yake. Na hakina betri wala redio ya kukusumbua huko juu.

Namba mbili: cha mawimbi ya sauti. Hiki hakina kinachozunguka. Kinarusha sauti usiyoisikia kati ya vichwa vyake na kupima muda inaochukua kwenda na kurudi; upepo unaisukuma upande mmoja na kuichelewesha mwingine. Kasi na mwelekeo vinatoka pamoja, hata upepo ukiwa mwembamba kiasi cha vikombe kusimama. Gill WindSonic inapima hadi mita 60 kwa sekunde, na bei yake ni ya taasisi. Vya bei nafuu vinavyotoa Modbus kwa RS485 (lugha ya vifaa inayopita kwenye waya mbili, A na B) vimejaa mtandaoni. Kwenye mashua ningekiweka namba moja, maana mlingoti unaoyumba unachosha beringi. Ufukweni kina adui wawili: buibui na kunguru. Utando mmoja kati ya vichwa unatosha kukuletea kimbunga kwenye skrini, asubuhi tulivu kabisa. Nunua chenye miiba ya kuzuia ndege, na uliza kabla ya kulipa kinatumia volti ngapi na anwani yake, yaani namba ya kukiita, ni ipi. Nilishauziwa kimoja bila karatasi yoyote; muuzaji akanijibu kwamba ni cha kuchomeka tu. Jioni mbili nilikuwa najaribu spidi ya mawasiliano ya 9600, kumbe chenyewe kinaongea kwa 4800. Kama hakijibu kabisa, geuza waya A na B kwanza kabla ya kukitukana.

Namba tatu: vikombe vya plastiki vya makumi ya dola, vile vinavyouzwa kama vipuri vya vituo vidogo vya hali ya hewa. Kwa kujifunzia havina mpinzani. Mshale wake una swichi nane za sumaku, kila moja na rezista yake, na mbili zikifunga pamoja unapata nafasi ya katikati. Jumla ni 16, yaani hatua za digrii 22.5. Inatosha kujua ni kusi au kaskazi, lakini haitakuambia kama upepo unakuja sambamba na ufukwe au unaanza kuvuta watu kwenda nje. Mimi nanunua viwili kwa mpigo, kimoja cha juu na kimoja cha kabatini.

Namba nne: kituo kizima kwenye mwili mmoja, kisicho na waya, chenye sola, mvua, joto na upepo pamoja. Kinapendeza kwenye picha. Shida ni kwamba joto linapimwa karibu mita 2 na upepo mita 10, na vyote vimeunganishwa. Popote utakapokiweka, kimoja kitadanganya.

Cha mkononi hakipo kwenye mashindano haya, ila azima au nunua kimoja. Utakihitaji siku ya kuhakiki.

Sasa kufunga. Fanya kazi yote chini, mezani, kabla bomba halijasimama. Davis inatoka kiwandani ikitarajia mkono wake uelekee kaskazini. Kama mlingoti hauruhusu, sahihisha kwenye kompyuta yake. Vingine vina alama ya N au mkato mdogo pembeni. Tumia dira ukiwa hatua kadhaa kutoka kwenye bomba, maana chuma kinaivuta sindano. Kisha geuza mshale kwa mkono kwenye pande nne na uandike namba unazopata. Kumbuka digrii zinasema upepo unakotoka. Kwetu hilo halina utata: kusi ni upepo utokao kusini.

Ukisoma mapigo mwenyewe kwa ESP32, ile kompyuta ndogo ya chipu moja, usiingize zaidi ya volti 3.3 kwenye pini. Swichi za sumaku hudunda, pigo moja likahesabiwa matatu. Puuza pigo linalofuata ndani ya milisekunde 10. Halafu angalia kizidishio, namba inayogeuza mapigo kuwa kasi. Kwa vikombe vile vya plastiki, pigo moja kwa sekunde ni kilomita 2.4 kwa saa. Kwa Davis ni maili 2.25, sawa na kilomita 3.62. Niliwahi kunakili msimbo wa kimoja nikauweka kwenye kingine, na kwa wiki nzima ufukwe ule ukawa na upepo mara moja na nusu ya uliokuwepo. Watu wakaanza kupiga simu kuulizia nafasi.

Kuna mtego mwingine kwenye wastani wa mwelekeo. Chukua digrii 350 na digrii 10, zote kaskazi. Jumlisha, gawa kwa mbili: 180, yaani kusi. Programu yako imegeuza msimu. Vunja kila kipimo kuwa sini na kosini, tafuta wastani wa hivyo, ndipo urudishe digrii. Kasi ya kuonyesha watu iwe wastani wa dakika 10, na upepo wa ghafla ulio mkubwa zaidi, wa sekunde 3, uandikwe pembeni yake. Noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa, usiikadirie.

Viungio vya waya vipake mafuta ya mgando kabla ya kuvifunga, na waya uachie kitanzi kinachoning'inia chini kabla ya kuingia ndani ya banda, maji ya mvua yadondoke hapo. Kisha simama chini ya mlingoti na kile cha mkononi, ukinyanyue juu uwezavyo kwa dakika 10, mtu mwingine asome skrini. Cha juu kinatakiwa kizidi kidogo. Kikiwa chini ya cha mkononi, laza bomba.