Google Analytics kwa tovuti ndogo: tathmini kutoka Jinja

Tovuti ya nyumba yetu ya wageni hapa Jinja ilikaa hewani kwa miaka mitatu bila sisi kujua ni nani anayeifungua wala anatafuta nini. Tulichokuwa nacho ni kihesabio chini ya ukurasa wa kwanza, ambacho kilipanda kila siku huku vyumba vikibaki vitupu. Mwaka jana tuliweka Google Analytics, huduma ya Google inayoonyesha wageni wanavyoitumia tovuti, na tathmini hii naiandika kwa ajili ya wenzangu wenye tovuti ndogo nchini Uganda ambao bado wanaridhika na idadi ya watembeleaji peke yake.

Kwa biashara ya kiwango chetu huduma hii ni ya bure. Unafungua akaunti, unapewa kipande kifupi cha msimbo, unakibandika kwenye kurasa zako, na kuanzia hapo kila ukurasa unaofunguliwa unaandikwa. Toleo la sasa, lililotoka Oktoba 2020, limejengwa juu ya matukio: mtu ameshuka hadi asilimia 90 ya ukurasa, amepakua faili, amebofya kiungo kinachomtoa nje ya tovuti. Vilevile linatenga ziara yenye maana, yaani iliyozidi sekunde 10, au iliyofungua kurasa mbili na zaidi, au iliyoishia kwenye tendo ulilolitaja wewe mwenyewe kuwa muhimu. Kihesabio chetu cha zamani kisingeweza kamwe kutuambia hayo.

Faida kubwa tuliipata kwenye ukurasa wa vyumba. Ripoti ilionyesha kwamba wageni wanaotumia kompyuta waliufungua na kuendelea hadi kwenye fomu ya kuweka nafasi, lakini wa simu waliishia papo hapo. Nilichukua simu ya dada yangu, nikazima Wi-Fi, nikaufungua ukurasa ule kwa bando. Picha ya kwanza ilishuka polepole kutoka juu, ukaonekana ukuta, kisha nusu ya chandarua, na kitanda chenyewe kilikuwa bado hakijatokea nilipochoka kusubiri. Fundi aliyetutengenezea tovuti alikuwa ameziweka picha kama zilivyotoka kwenye kamera, kila moja ikizidi megabaiti 6. Katika nchi ambayo bando linatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, kumbebesha mgeni mzigo kama huo ni kumfukuza kabla hajabisha hodi. Tulizipunguza picha zote, tukaweka kitufe cha WhatsApp juu ya fomu. Kwa kuwa kitufe hicho humtoa mtu nje ya tovuti, mibofyo yake ilianza kuhesabiwa bila msimbo wa ziada, na baada ya wiki chache tuliona kwamba kinatumika kuliko fomu.

Kasoro zipo. Maneno ya kwenye ripoti ni magumu kwa asiye fundi, na mipangilio inayokuja na akaunti mpya haifai kuachwa ilivyo. Hakikisha saa za eneo ni za Afrika Mashariki, la sivyo mibofyo ya usiku itaangukia siku isiyo yake. Muda wa kuhifadhi data za kina ni miezi 2 usipoubadilisha. Upandishe hadi 14 siku hiyohiyo, kwa sababu bila hivyo hutaweza kulinganisha kwa kina msimu wa Desemba na wa mwaka uliopita. Kumbuka pia kwamba wanaotumia programu za kuzuia matangazo mara nyingi hawahesabiwi, kwa hiyo tazama mwelekeo kuliko tarakimu yenyewe.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni ruhusa ya mgeni. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na mwenye tovuti anayekusanya taarifa za watu anapaswa kuwaeleza anakusanya nini na kwa nini. Sisi tumeweka maelezo mafupi yanayotokea kabla ya vidakuzi, yaani faili ndogo zinazomtambua mgeni kwenye kivinjari chake, kuanza kufanya kazi. Anayetaka data zisitoke mikononi mwake anaweza kutumia Matomo, programu ya kazi hiyohiyo yenye chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa wote), inayowekwa kwenye seva yake mwenyewe, yaani kompyuta inayohifadhi data. Sisi tumebaki na Google Analytics kwa sababu hatuna mtu wa kuitunza seva. Lakini shule au kliniki yenye taarifa nyeti ningeishauri ianze na Matomo, hata ikibidi kumlipa fundi.